Chase kwa Kiingereza: maana zake, matumizi yake, na kwa nini sio kila fukuza ni chase

Ukimuuliza mtu chase maana yake nini atakujibu hapo hapo, kufukuza, na hajakosea, kamusi nyingi zinaandika hivo hivo, kufukuza, kukimbiza, kuwinda. Shida inaanza pale mtu anapoacha kusoma na kuanza kuongea, maana fukuza yetu ni pana mno, tunaitumia kwa mwizi, kwa nzi, kwa mfanyakazi, kwa mwanafunzi, kwa mpangaji, mpaka kwa usingizi, na Mwingereza hapo kote ana maneno tofauti tofauti, chase ni mojawapo tu. Ndo maana mtu anaongea Kiingereza kimenyooka kabisa alafu anasema my boss chased me, yeye anamaanisha kaachishwa kazi, anaemsikiliza anaelewa bosi alimtoa mbio mwenzie. Naandika hii ndefu kidogo kwa sababu hili kosa nalisikia kila siku, hadi kwa walimu, na linarekebishika bila shida ukishajua linatokea wapi.

Hatua ya kwanza: shika picha kwanza, tafsiri baadae

Chase ina wawili, mmoja yuko mbele anakwenda, mwingine yuko nyuma anakuja kwa kasi anataka kumfikia, na wote wanaelekea upande mmoja. Hapo ndo penyewe. Kwahiyo kabla hujaitumia jiulize swali moja tu, huyu anaefukuza na yeye yupo kwenye mwendo? Fukuza unaweza kuifanya umekaa kwenye kiti, unasaini barua tu mtu ameshafukuzwa. Chase huwezi kuifanya umekaa, lazima uwe unakimbia, au unaendesha, au unahangaika huku na huku kukitafuta kitu.

The dog chased the cat, mbwa alimkimbiza paka. The police are chasing a stolen car, polisi wanalikimbiza gari lililoibwa.

Angalia pia hiyo sentensi ya mbwa haijasema kama paka alikamatwa. Chase inaishia kwenye mbio, matokeo haiyasemi, ukitaka watu wajue alikamatwa inabidi uongeze, the police chased him and caught him. Na hapa kuna kitu mi nakipenda sana, chase na catch kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Zote zimetoka kwenye neno la Kilatini captare, kujaribu kukamata, likapita kwenye Kifaransa cha zamani, wa kaskazini kule Normandy wakawa wanatamka kwa sauti ya k, wengine kwa sauti ya ch, alafu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yakawa yanaingia kwa wingi kwenye Kiingereza, na haya mawili yakaingia kwa nyakati tofauti. Lile la kaskazini likawa catch, hili lingine likawa chase, kisha yakagawana kazi, mmoja akabaki na mbio mwingine akabaki na kukamata. Hata purchase, kununua, imo kwenye ukoo huo huo, mwanzoni ilikuwa na maana ya kukihangaikia kitu mpaka ukipate.

Hatua ya pili: kulitamka na kuliandika

Linatamkwa cheis, silabi moja, na mwisho ni s kavu sio z. Sisi tumezoea maneno yetu kuishia na vokali kwahiyo ulimi unataka kuongeza i mwishoni inakuwa cheisi, jizuie, funga meno acha s ipite ikate hapo hapo. Usiifupishe sana pia, ukisema ches watu watasikia chess, ule mchezo wa sataranji. Wakati uliopita ni chased, na ile ed haisomwi "ed", inatamkwa cheist, t mwishoni. Inalingana kwa sauti na chaste, neno la mtu aliyejitunza na mambo ya mwili, ila kwenye mazungumzo huwezi kuchanganya. Chases inakuwa silabi mbili, cheisiz, na chasing ni cheising.

Kuandika, ukiongeza ing ile e inaondoka, chasing, chaseing haipo. Ukiongeza wakati uliopita unaweka d peke yake, chased.

Hatua ya tatu: muweke anaekimbizwa moja kwa moja baada ya chase

Chase inamtaka mtendwa wake karibu, usiweke kitu katikati. Chase the thief. Sio chase to the thief, sio chase behind the thief, hizo tunazipata kwa sababu kichwani tunawaza kukimbia nyuma ya mtu. Kihusishi kimoja tu kinaruhusiwa hapo na chenyewe kina maana yake, nacho ni after, nakuja nacho chini.

Kosa lingine linatokana na kukimbizana. Sisi tunasema watoto wanakimbizana, au nilikuwa nakimbizana na rafiki yangu, alafu mtu anaibeba ile "na" anasema I was chasing with my friend. Hapo Mwingereza ataelewa wewe na rafiki yako mlikuwa kundi moja mnamkimbiza mtu wa tatu. Sema we were chasing each other. Kila unapoona kiambishi cha -ana kwenye kitenzi chetu fikiria each other kwanza.

Ukigeuza iwe ya kutendwa, the thief was chased by the crowd, mwizi alikimbizwa na umati. Hiyo ni ya kawaida kabisa.

Hatua ya nne: vile vijineno vidogo vinavyobadilisha kila kitu

Hapa ndo pana utajiri na ndo watu wanapaharakisha. Chase peke yake ni kumwendea mtu umpate, lakini ukitaka ile maana ya kumtimua aondoke, aende mbali na wewe, chase peke yake haitoshi, inahitaji msaada.

Chase away na chase off ni kufukuza kitu kiondoke, na bado ni kwa mwili, kwa mikono, kwa fimbo, kwa kelele. She chased the birds away, aliwafukuza ndege. Kwahiyo ukisema I chased the dog ulikuwa unataka kumkamata, labda katoroka, ukisema I chased the dog away ulikuwa humtaki kabisa eneo hilo. Kijineno kimoja tu, maana imegeuka kinyume.

Chase out ni kumtoa ndani ya mahali, they chased him out of the house, walimtimua akatoka nje ya nyumba, na hapa bado kuna purukushani halisi.

Chase after inakaribiana sana na chase ya kawaida, ila inaongeza ile hali ya kuhangaika, mtu yuko mbali au ameshatangulia na we unamkimbilia, he chased after the bus. Inatumika pia kwa mtu anaehangaikia kitu mpaka watu wanamuonea huruma, chasing after fame.

Chase down hii sasa ina matokeo ndani yake. He chased the thief down, alimkimbiza mpaka akampata. Kwenye michezo utaisikia sana, mkimbiaji ameachwa nyuma alafu anapunguza pengo mpaka anamfikia aliyeongoza.

Chase up ni ya maofisini na ni ya Uingereza zaidi, kufuatilia jambo lililokaa muda mrefu bila majibu. I'll chase it up tomorrow, nitalifuatilia kesho. Mmarekani kwa kawaida atasema I'll follow up on it.

Chase somebody for something ni kumdai mtu kitu, kumfuata fuata akupe. They are chasing me for the money, wananisumbua niwalipe. Nadhani hii ndo chase muhimu kuliko zote kwa mtu mzima anaefanya kazi, ijue vizuri.

Hatua ya tano: fukuza ambazo sio chase

Soma hii sehemu taratibu, hata mara mbili.

Kufukuzwa kazi. Ni fired au sacked kwenye maongezi, dismissed kwenye barua rasmi. He was fired last week. Kama kampuni imepunguza watu na we hukukosa kitu ni laid off, kwa Uingereza wanasema made redundant, na tofauti hii usiipuuze kwenye intavyuu, maana fired inaacha swali ulifanya nini, laid off haiachi.

Kufukuzwa shule. Hapa tuna mambo matatu tunayaita jina moja. Kama umefukuzwa moja kwa moja usirudi, expelled. Kama umesimamishwa wiki kadhaa alafu utarudi, suspended. Na kama umerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, sent home, I was sent home because of school fees. Watu wengi wanasema I was chased from school because of fees, na sisi kwa sisi tunaelewana maana wote tunafikiri kwa lugha zetu, ila kwa mtu wa nje unampa picha ya mwanafunzi anakimbizwa na watu wazima hadi getini. Ukiandika barua ya kuomba ufadhili na ukaandika chased, msomaji atahangaika na hiyo picha badala ya kusikia shida yako, na mi hilo linaniuma kwa sababu shida yenyewe ni ya kweli.

Mwalimu akikutoa darasani, the teacher sent me out of class. Mpangaji akitolewa nyumba kisheria ni evicted, akitolewa tu na mwenye nyumba kwa hasira ni kicked out au thrown out. Mtu akifukuzwa nchini ni deported. Mchezaji akipewa kadi nyekundu ni sent off. Mwanachama akifukuzwa chama ni expelled pia, kama wa shule. Kufukuza mapepo ni cast out au drive out. Kufukuza usingizi hamna kitenzi kimoja, wanasema to keep myself awake, kahawa inakufanya ubaki macho basi. Kufukuza harufu, get rid of the smell.

Ukiangalia vizuri karibu zote hizo, anaefukuza hajakimbia. Ametoa amri, amesaini, ameomba, amefungua dirisha. Ndo maana chase inakataa.

Hatua ya sita: kimbiza nayo ina mitego yake

Wengine wakishaambiwa hivo wanasema basi chase nitaitafsiri kimbiza tu niwe salama. Ni bora kuliko fukuza, nakubali, ila kimbiza nayo sio kila mara. Kumkimbiza mgonjwa hospitali ni to rush someone to hospital, ukisema we chased the patient to hospital umemuweka mgonjwa mbele anakimbia na nyie nyuma. Kukimbiza gari, yaani kuendesha kwa kasi, ni to speed au to drive fast, he chased the car maana yake alikuwa anakimbia nyuma ya gari. Kukimbizana na muda ni to race against time au race against the clock, chasing time mtu ataelewa kwa mbali ila haina ladha ya Kiingereza.

Hatua ya saba: chase ya vitu visivyokuwa na miguu

Hapa Kiingereza kinafanana na sisi kiasi, sisi tunasema anasaka maisha, anakimbizana na pesa, wao wanasema chasing money, chasing a dream, chasing success. Kitu hakikimbii lakini kinaonekana kinateleza, kila ukikisogelea kiko mbele, picha ile ile ya hatua ya kwanza. Chasing clout ni kutafuta kiki. Chasing losses ni kwa wacheza kamari, umeliwa alafu unaongeza dau ili urudishe ulichopoteza. Kwenye kriketi timu inayopiga ya pili inachase, yaani wa kwanza wakipata mikimbio 250 (runs, ndo pointi zao), wa pili wanatafuta 251 ili washinde, utasikia a successful run chase. Wapo pia storm chasers, watu wanaendesha magari kuzifuata dhoruba na vimbunga wavipige picha na kuvichunguza.

Kwenye mapenzi, he has been chasing her for two years, anamfuatilia miaka miwili. Hapa inabeba kwamba mwanamke hajakubali, anakwepa, maana asingekwepa kusingekuwa na mbio. Kwahiyo usiitumie kwa watu ambao wameshakubaliana.

Na kwenye imeli za kazini, tafadhali kuwa makini na cheo cha unaemwandikia. Just chasing this, mtu wa ofisi moja anamwandikia mwenzie, kawaida. Kumwandikia bosi au mteja mkubwa I am chasing you for a reply ni kama unamdai, inauma sikio. Andika I'm following up on my email of Monday, au I wanted to check whether you had a chance to look at this. Ujumbe ule ule, sauti tofauti. Ila ukiwa unaongea na bosi kuhusu mtu mwingine, I'm still chasing the supplier for the invoice, hapo ni nzuri kabisa, inaonesha unafanya kazi.

Hatua ya nane: chase, follow, pursue au hunt?

Follow ni kufuata tu, haina kasi wala nia mbaya, bata wadogo wanamfuata mama yao, the ducklings follow their mother. Ukisema someone followed me inatisha kidogo, mtu alinifuata nyuma taratibu, pengine hata hukumjua yupo. Someone chased me maana yake ulijua na ulikimbia. Polisi akikuuliza nini kilitokea hizi mbili zinatofautisha kesi.

Pursue ni chase iliyovaa suti. Magazeti na mahakama wanaipenda, na ndo ya masomo na kazi, pursue a degree, pursue a career in medicine. Kwenye CV usiandike I am chasing a degree. Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 lina the pursuit of Happiness, kuitafuta furaha, hapo chase isingekaa, ingeonekana ya mtaani. Alafu iandike pursue, sio persue, kosa hilo limejaa.

Hunt ni kuwinda au kusaka, inaweza kuwa ya kimya, ya kuvizia, siku nyingi. Mwindaji anaekaa juu ya mti anasubiri yuko kwenye hunt, sio kwenye chase. Job hunting ni kutafuta kazi, hatusemi job chasing.

Hatua ya tisa: chase kama nomino, na misemo yake

A chase ni mbio zenyewe za kumkimbiza mtu. A car chase, magari yanafukuzana. Give chase ni kuanza kumkimbiza mtu, ya kwenye habari, the thief ran and two officers gave chase, na ukiangalia haina a katikati, give chase, basi.

Cut to the chase ni ingia kwenye pointi, acha kuzunguka. Inatokana na sinema za Hollywood za enzi zile zisizo na sauti, ambapo sehemu tamu ilikuwa ni ile ya kufukuzana, kwahiyo ruka mengine tuone hiyo. Usimwambie mkubwa wako, ila we mwenyewe kusema let me cut to the chase ni sawa.

A wild goose chase ni kuhangaikia kitu ambacho hakipo au hutakipata, umetumwa ofisi hii wanakwambia nenda ile, ile wanakurudisha hii. Mwanzoni kabisa, karne ya 16, ilikuwa ni aina ya mbio za farasi, wa mbele anaenda anakotaka na wengine wanamfuata kwa umbali kama bata wa porini wanavyoruka nyuma ya kiongozi wao. Chasing your own tail ni kuwa bize kutwa nzima bila kumaliza chochote.

Steeplechase sisi tunaijua vizuri, mita 3000 kuruka viunzi na maji, mara 28 vile viunzi vikavu na mara 7 maji. Steeple ni mnara wa kanisa. Zilianza na farasi, watu walikuwa wanashindana kutoka kanisa moja hadi lingine wakiutazama mnara kwa mbali, wanaruka kuta na mitaro iliyoko njiani.

Ukikutana na Chase kwa herufi kubwa ni jina. Cannock Chase kule Uingereza ni eneo lililokuwa la kuwindia wakubwa, na ile benki ya Marekani ilianzishwa 1877 ikapewa jina la Salmon P. Chase, aliyekuwa waziri wa fedha wa rais Lincoln. Na fundi umeme akisema chase anamaanisha mfereji unaochongwa ukutani kupitisha waya, hilo ni neno lingine lenye asili yake, limefanana tu.

Jipime

Tafsiri hizi kwanza bila kuangalia mbele. Mbwa alinikimbiza mpaka nyumbani. Dada yangu kafukuzwa kazi. Wafukuze kuku. Watoto wanakimbizana nje. Nafuatilia malipo yangu. Tulimkimbiza hospitali usiku.

Ya mbwa ni the dog chased me all the way home. Ya dada, my sister was fired, chase haigusi hapo. Ya kuku, chase the chickens away, na ukisahau away umewaambia watu wakawakamate. Ya watoto, the children are chasing each other outside. Ya malipo, I'm chasing my payment kwa mwenzio, I'm following up on my payment kwa anaetakiwa kukulipa. Ya hospitali, we rushed him to hospital at night, au her kama ni mwanamke, Kiswahili hakijasema, kwahiyo hapo utachagua mwenyewe kulingana na mgonjwa alikuwa nani.